Dalali Aliyeishi kwa Betri

Aliyekaa na Dalali benchi moja, msibani au kwa kinyozi, alisikia kifua chake kikivuma. Hakikudunda. Kilivuma tu, mvumo mwembamba usiokatika, kama wa friji iliyo chumba cha pili. Wengi walidhani ana redio ndogo aliyoisahau mfukoni. Wengine walihama benchi.

Mimi sikuhama, kwa sababu nilijua ni nini, na kwa sababu umeme ndio uliokuwa unanilisha. Nilikuwa na kibanda cha kuchaji betri Manundu, pale Korogwe, mkabala na nyumba yake. Miaka ile biashara ilikuwa imefunguliwa. Mashamba ya mkonge yalikuwa yamepata wamiliki wapya, maduka yalijaa televisheni za kutoka ng'ambo, na watu wa vijiji ambako nguzo hazijafika waliniletea betri za magari kwa baiskeli nizijaze, wakarudi nazo kuangalia mpira. Nimeshika betri nyingi maishani. Za kwake ndizo zilizoninyima raha.

Jina lake halina haja hapa. Hata wana wa kaka yake walimwita Dalali, na yeye aliitika kwa fahari, kwa sababu kazi hiyo aliipata kwa koo lake. Zamani serikali ndiyo iliyonunua ng'ombe kwa bei iliyopangwa ofisini, na mtu wa mnadani alikuwa wa kusoma bei tu. Soko lilipoachiwa, malori yakaanza kuja Handeni kutoka Tanga na Dar es Salaam, wafugaji wakashusha mifugo, na ghafla sauti ya mtu mmoja katikati ya vumbi ikawa na thamani. Sauti yake ilikuwa nzito chini na kali juu. Alipopandisha bei, hata ng'ombe waligeuza shingo.

"Bei haina mjomba," alikuwa akisema, akimaanisha kwamba hata ndugu yake asitegemee kupunguziwa. Na mwingine: "Ng'ombe mnadani haulizwi jina la baba yake, anaulizwa anatembeaje." Msemo huo wa pili aliutumia hata kwa watu. Kijana akija kuposa mtaani, Dalali alimtazama akitembea kwanza, kisha ndipo akaitikia shikamoo.

Mnadani alikuwa mtu wa haki mpaka kero. Akiona wanunuzi wanakonyezana ili kumlalia mfugaji, alisimamisha mnada, akakunja mikono, akawaambia jua ni la Mungu na yeye ana muda. Nyumbani haki hiyo aliivua mlangoni pamoja na viatu. Mkewe, Mama Zaina, Mshambaa wa Vugiri, hakuulizwa jambo. Dalali aliamua wahame Handeni waje Korogwe, akamwambia kitanda kikiwa tayari kwenye gari. Aliamua binti yao wa pekee, Zaina, akasomee uuguzi, na uamuzi huo ukawa mzuri, lakini Mama Zaina aliusikia kutoka kwa jirani.

Ugonjwa ulimjia kupitia viatu. Viatu vilimkataa kwanza. Miguu ilivimba hadi akavaa kandambili mnadani, jambo lililomuumiza zaidi ya maumivu yenyewe. Kisha akaanza kulala amekaa kwenye kiti, maana akijinyoosha anahisi anazama. Siku moja mnadani, katikati ya kupandisha bei ya dume zuri, alifungua kinywa na hewa haikuja. Aliyekuwepo aliniambia watu walidhani anavuta muda kwa ujanja wake. Alikaa chini kwenye vumbi, na ng'ombe akaondoka kwa bei ya aibu.

Hospitali ya rufaa walimwambia moyo umetanuka na kulegea, hausukumi tena damu inavyopasa. Walimpa vidonge vya kupunguza maji mwilini, na wakamwambia ukweli kwa upole: dawa zitasaidia kwa muda, siyo kwa daima. Zaina wakati huo alikuwa muuguzi Ujerumani, ameolewa huko. Akamwita baba yake aende kutibiwa. Huko alianguka kwenye ngazi za nyumba ya binti yake, na hospitali waliyomkimbiza ilikuwa miongoni mwa zile zilizokuwa zikijaribu pampu mpya. Zaina akapigania aingizwe kwenye majaribio hayo. Wakamfungua kifua, wakamwekea ndani ya moyo kipampu kisichozidi betri kubwa ya tochi, kinachozunguka mfululizo na kusukuma damu badala ya ule moyo uliochoka. Waya ukatoka ubavuni, ukaja hadi kwenye kiboksi cha kiunoni, na kiboksi kikala betri.

Madaktari walimsihi abaki karibu nao. Alirudi.

Alirudi akiwa na rangi usoni, viatu vyeusi miguuni, na ile sauti. Mtaa mzima ulitoka kumwona. Alipoulizwa kwa nini hakukaa Ulaya, alijibu kwa kejeli kwamba kule nyama inauzwa ndani ya nailoni, kimya kimya, mnunuzi hamjui ng'ombe na ng'ombe hamjui mnunuzi. Watu walicheka. Nami nilicheka, mpaka Zaina, aliyemsindikiza, aliponiita pembeni.

"Dada," akaniambia, "wewe una jenereta?"

"Ninayo."

"Inawaka ukiivuta mara ya kwanza?"

Sikupenda swali lile. Aliniketisha na mama yake, akatufundisha. Betri zinaishi saa chache, zibadilishwe moja moja, kamwe zisitoke zote kwa pamoja. Mzee akilala, achomekwe ukutani. Umeme ukikatika, betri. Betri zikipungua, jenereta. Taa ya njano maana yake fanya haraka. Nyekundu ikifuatana na kelele maana yake hakuna tena muda wa kuulizana. Mama Zaina alirudia kila neno kwa midomo bila kutoa sauti, kama anayehifadhi sura ya Kurani. Dalali alikuwa nje anawasimulia watu habari za theluji.

Na umeme wa miaka ile mnaukumbuka. Mabwawa yakikauka, mgao. Mvua ikinyesha, nguzo inaanguka. Nilizoea kusikiliza mji mzima kwa mgongo: redio za mtaa zikinyamaza ghafla, nilikuwa nimeshasimama kabla sijajua kwa nini. Upande wa pili wa barabara Mama Zaina naye alikuwa amesimama mlangoni, tukitazamana. Nilivuta kamba ya jenereta huku moyo wangu mimi, usio na pampu, ukinipiga masikioni. Ikiwaka, alirudi ndani bila neno. Tuliishi hivyo.

Yeye mwenyewe alijifanya hajali. "Kufa nimeshakufa kule Ulaya, hii ni nyongeza," aliwaambia watu. Lakini mimi niliyekaa naye nilimwona chini ya meza akipapasa kiboksi na kuchungulia taa, mara nyingi zaidi ya mtu asiyejali. Fundi cherehani alimshonea kanzu zenye mifuko miwili ya ndani, na alikasirika ikikaa vibaya. Alikuwa na mashine ndani ya moyo, na bado aliogopa sindano. Siku ya kutolewa damu ya vipimo Mama Zaina alimshika mkono kama mtoto. Dawa za kuzuia damu isigande zilimfanya akijikata kidogo tu atokwe na damu kutwa nzima, kwa hiyo akaacha kunyoa. Ndevu zilimpa heshima aliyoifurahia kupita kiasi.

Jambo lililokaribia kumharibia lilikuwa mkono wake. Pampu ile ilikuwa inasukuma damu bila kupumzika, kwa hiyo mishipa yake haikupiga. Alishikwa na malaria, akaenda hospitali, akapokewa na muuguzi mgeni aliyekuwa hajapata habari zake. Muuguzi akashika kifundo cha mkono wa kushoto. Akashika wa kulia. Akashika shingo. Akafunga mashine ya presha, akasikiliza, akafungua, akaifunga tena.

"Mzee," akasema, "unajisikiaje?"

"Njaa."

Muuguzi alitoka mbio kumwita daktari, na ukumbini wakamsikia akisema ndani kuna mtu hana mapigo na anaomba chakula. Kufikia jioni Manundu nzima ilijua kwamba Dalali alikufa Ulaya na kilichorudi ni msukule. Hapo hakukuwa tena na mzaha. Wanawake waliacha kununua mboga kwa Mama Zaina. Mtu alimwaga majivu kizingitini kwao. Mteja wangu mmoja aliondoa betri yake kibandani ikiwa nusu tu, akisema hataki umeme uliochanganyika na wa maiti.

Dalali hakujitetea. Alikaa ndani, na kwa mtu yule ukimya ulikuwa wa kutisha. Aliyeumaliza mkasa ni sheikh wa mtaa, mtu mfupi asiyependa maneno mengi. Baada ya swala ya Ijumaa alimsimamisha mbele ya watu, akaweka sikio kifuani pake, akasikiliza kwa muda mrefu, kisha akamuuliza, "Mwenzetu, ulikula nini jana?"

"Makande."

"Yalikuwa na chumvi?"

"Kidogo mno. Wamenikataza."

Sheikh akawageukia watu. "Maiti hanung'uniki kuhusu chumvi. Nendeni makwenu."

Mboga za Mama Zaina zikaanza kununuliwa tena, ingawa wengine walipokea chenji bila kumgusa vidole.

Mama Zaina huyo ndiye aliyenifanya nimwelewe mumewe vingine. Mama yake mzazi alikuwa mzee kipofu huko Vugiri, juu milimani, na kila wiki alipanda kwenda kumwogesha na kumpikia, akarudi kabla giza halijaingia ili asiwe mbali na betri. Siku hizo alizokwenda, mimi ndiye niliyeshika zamu, na Dalali alikuwa mkali, ananiita kila mara aniulize kama basi la Vugiri limeshashuka. Nilimwambia mkewe kwamba mzee hapendi aende.

Alinicheka. "Hapendi? Mwanangu, unajua kwa nini alirudi? Zaina alitutaka wote wawili tuhamie kule. Nikamwambia Baba Zaina kwenye simu siwezi kumwacha mama yangu. Alikata simu. Baada ya wiki nikasikia anarudi." Akafunga kanga vizuri. "Hajaniambia mpaka leo. Anasema karudi kwa ajili ya ng'ombe."

Lakini ng'ombe nao walikuwa kweli. Dalali mpya wa mnada wa Kang'ata, kule Handeni, alisemekana kula njama na wanunuzi. Mzee mmoja wa Kimasai, Saning'o, aliyekuwa akiuzia kwake miaka yote, alituma ujumbe kwa dereva wa lori: ana dume kubwa la kuuza, mwanawe anaumwa, na hamwamini mtu mwingine. Dalali alisikiliza ujumbe akiwa amesimama. Nilijua ameshaamua.

"Handeni mbali, Baba Zaina," mkewe alisema. "Masika yameanza."

"Nitarudi kabla ya magharibi."

"Umeme jana haukuwepo kutwa."

"Betri zimejaa."

Dalali alinitazama mimi. Nilimwambia moja nina shaka nayo. Akasema basi nibebe inveta, ile ninayotumia kuvuta umeme kutoka kwenye betri ya gari, kama nina woga. Tukaondoka kwa pikapu ya kukodi, yeye mbele na dereva, mimi katikati yao, inveta na chaja ya betri zake mapajani.

Sijawahi kuona mtu akirudi mahali pake kama alivyorudi Kang'ata. Wafugaji walimzunguka bila kelele. Saning'o, mrefu, mkavu, alimwinamia akaweka sikio kifuani, akasikiliza, akainuka.

"Kuna nyuki," akasema.

"Wananifanyia kazi," Dalali akajibu.

Alinadi dume lile kwa sauti ya chini. Sidhani ni kwa sababu ya kukosa pumzi. Pumzi alikuwa nayo. Alishusha sauti mpaka wanunuzi ikabidi wasogee, na waliposogea wakaonana nyuso, na waliokuwa wamepanga kunyamaza wakaona aibu kunyamaza. Bei ilipanda polepole, kisha ikakimbia. Saning'o hakutabasamu. Alifunga macho tu. Mimi nilikuwa natazama mawingu upande wa milima.

Mvua ilitukuta tukiwa njiani kurudi. Kwenye korongo tulilolivuka asubuhi likiwa mchanga mtupu, maji mekundu yalikuwa yanapita na magogo. Malori mawili yalikuwa yamesimama. Tukasubiri. Dalali akabadilisha betri, akaweka ile niliyoitilia shaka, na taa ikaja njano muda huohuo.

"Nipe nyingine," akasema.

"Nyingine ndiyo hiyo uliyoitoa, mzee."

Akapapasa kiboksi. 

Nilifungua boneti kwenye mvua, dereva akinishikia turubai, nikafunga nyaya za inveta kwenye betri ya pikapu, nikachomeka chaja na kuupitisha waya wake dirishani hadi kwenye kiboksi cha mzee. Nikamwambia dereva asizime injini kwa hali yoyote. Chaja ikawasha kitaa chake. Kisha kikazimika. Kiboksi kikaanza kupiga kelele, ile kelele nyembamba niliyoisikia mara moja tu siku ya mafunzo, na nilipokimbilia dirishani Dalali akanishika mkono kwa nguvu, macho yamemtoka, si ya kiburi tena wala ya mzaha. Midomo ilikuwa inageuka rangi ya majivu.

"Usiniache," akasema.

Nyaya zilikuwa zimelegea kwa maji. Nilizichomoa, nikazifuta kwa upindo wa gauni langu, nikazibana tena kwa meno na koleo. Kitaa kikarudi. Kelele ikakatika. Sikuthubutu kuondoa mkono wangu kwenye ule mbano. Mwanga wa siku ulikuwa unaondoka, na dereva alianza kuchungulia mshale wa mafuta bila kuniambia alichokiona.

Maji yalipopungua kidogo, wafugaji waliokuwa wakitoka mnadani waliingia korongoni kwa mikono iliyoshikana, wakapima kina kwa fimbo, wakatufungia kamba. Tulivuka injini ikikohoa, mimi nimesimama juu ya bampa, mkono ndani ya boneti iliyofunguliwa nusu, kama mwehu.

Mama Zaina alikuwa amesimama barabarani Manundu, si mlangoni. Alimshusha mumewe, akamwingiza ndani, akamchomeka ukutani, akaangalia taa mpaka ikawa kijani. Ndipo akasema, taratibu, "Leo umeninadi mimi, Baba Zaina."

Dalali hakwenda tena mnadani. Wafugaji walimfuata yeye. Walikaa naye barazani wakimweleza umbo la ng'ombe, naye aliwatajia bei ya kusimamia.

Haukuwa umeme uliomshinda. Ni lile tundu la ubavuni, pale waya ulipotokea. Pamoja na usafi wote wa mkewe, jeraha likaingiwa na usaha, na usaha ukaingia kwenye damu. Dawa zilisaidia, kisha zikaacha kusaidia. Zaina alitaka arudishwe Ujerumani, lakini daktari alisema hatamaliza safari. Zaina akapanda ndege kuja.

Nilimkuta wodini mchana mmoja, joto kali, madirisha wazi. Alikuwa amekonda, lakini akili yake ilikuwa timamu. Mama Zaina alikuwa upande wa pili wa kitanda, anamenya chungwa ambalo alijua hataweza kulila. Dalali aliniashiria niiname.

"Mwanangu. Mimi nakwenda. Huenda nisimwone Zaina."

"Usiseme hivyo, mzee."

"Nisikilize. Nikishakwenda, hii pampu haitajua. Itaendelea kuzunguka. Watu watasema mzee yupo, sikieni, na mtanilaza hapa mkisubiri kitu ambacho hakipo. Sitaki. Daktari akithibitisha, chomoa wewe. Nimeshaongea naye."

"Siwezi."

"Kila siku unachomoa."

"Nachomoa betri za watu, mzee. Sichomoi watu."

"Sitakuwa mtu tena wakati huo."

Mama Zaina aliweka kisu na chungwa kwenye sahani.

"Nani amekwambia umwombe yeye?" akamuuliza.

"Nimekuonea huruma. Utalia."

"Nitalia. Kwani kulia kunafunga mikono?" Aliifuta mikono yake kwa kanga, kidole kimoja kimoja. "Ulikwenda bila kuniuliza. Ukarudi bila kuniuliza. Ukaenda Kang'ata nikikukataza. Mimi nimekuvumilia yote. Hili naamua mimi. Mume ni wangu, nitachomoa mimi."

Dalali alimtazama kwa muda. Sijui kama aliwahi kumtazama hivyo mbele ya mtu. Niligeuza uso, lakini nilisikia.

"Haya," akasema. "Amua wewe, Mama Zaina."

Akamwomba maji. Akampa kwa kijiko.

Alikufa kesho yake, adhuhuri ikiwa imepita, Zaina akiwa bado njiani. Daktari alisikiliza pumzi, akammulika macho, akasubiri, akasikiliza tena, kisha akamtazama Mama Zaina na kutikisa kichwa. Kifua kilikuwa bado kinavuma. Mgonjwa wa kitanda cha jirani alianza kusema kwamba mzee yu hai, jamani, msifanye haraka, na muuguzi akamnyamazisha.

Mama Zaina alipiga goti kando ya kitanda. Alisema maneno ya dua, akashika kiboksi, akafungua waya kama alivyofundishwa asifanye kamwe. Kelele ikalipuka, wodi nzima ikasimama. Kwa kidole gumba akabonyeza kitufe cha kuinyamazisha na kukishikilia, machozi yakimdondoka mkononi, hakukiachia mpaka pakawa kimya kabisa.

Kisha akamfunga mumewe vifungo vya kanzu, akatuomba sote tutoke nje.

"Nina maneno naye," akasema.